Makanisa matatu ya Cades Cove na nyumba zilizobomolewa

Katika bonde la Cades Cove, upande wa Tennessee wa Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, barabara ya kilomita 18 hivi inalizunguka bonde na kumrudisha mgeni alikoanzia. Njiani kuna makanisa matatu. La Wabaptisti wa Asili, wanaojulikana kwao kama Primitive Baptist, lilijengwa 1887. La Wamethodisti ni la 1902, na la Wabaptisti wa Misheni ni la 1915. Yote matatu ni ya mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, yamepigwa rangi nyeupe na yana madirisha ya vioo. Katikati yake zimesimama nyumba za kuishi, na nyingi kati ya hizo ni za magogo, zenye vidirisha vidogo na dohani za mawe. Mgeni mwenye haraka huondoka akiamini kwamba watu wale walisali katika jengo la karne ya 20, kisha wakarudi kulala katika nyumba ya enzi za babu wa babu zao. Haikuwa hivyo. Waliojenga makanisa ya mbao, wengi wao walikuwa wamekwisha kuhamia nyumba za mbao, zenye rangi, veranda na jiko la chuma. Nyumba hizo hazionekani leo kwa sababu idara ya hifadhi ilizibomoa.

Je, idara ilikosea? Na sasa hifadhi nzima inapotunza zaidi ya majengo 90 ya kihistoria huku wageni wakizidi milioni 11 kwa mwaka, ifanye nini na kilichobaki? Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko wanavyokiri wapinzani wao. Hata hivyo naona kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita juu juu: dini ya milima hii ilitendeka nyumbani kwa sehemu kubwa, mikononi mwa wanawake, katika wiki ambazo mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa. Ukihifadhi kanisa bila jiko, umehifadhi nusu ya ibada.

Kwanza historia, kwa kifupi. Appalachia ni safu ya milima mashariki mwa Marekani, na Great Smoky ni kipande chake kati ya Tennessee na North Carolina. John na Lurena Oliver waliingia Cades Cove 1818, mwaka mmoja kabla ya mkataba wa 1819 ambao kwa huo Wacherokee, wenyeji wa asili wa milima hii, walitoa ardhi hiyo. Walipofika bado ilikuwa nchi ya watu wengine, na majira yao ya baridi ya kwanza waliyapita kwa chakula walichopewa na Wacherokee. Mwaka 1838 serikali iliwahamisha Wacherokee wengi kwa nguvu kuelekea magharibi. Kufikia 1850 bonde lilikuwa na watu karibu 680. Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi 1926, mfuko wa familia ya Rockefeller ukatoa dola milioni 5, na hifadhi ikaanzishwa rasmi 1934. Waliokataa kuuza walipelekwa mahakamani. John W. Oliver, kitukuu wa yule wa kwanza, alipambana na jimbo la Tennessee hadi Mahakama Kuu ya jimbo, akashindwa, akaondoka bondeni mwishoni mwa 1937. Ukoo uliofika wakati ardhi ikiwa ya wengine nao ukaondolewa na sheria.

Watetezi wa idara wanasema hivi. Hifadhi iliundwa ili kulinda msitu na mito, na sheria haikuiagiza iwe makumbusho ya vijiji. Wakati wa kurithi ardhi kulikuwa na mamia ya majengo ndani ya mpaka, mengi matupu, na jengo tupu mlimani huharibika upesi: paa likivuja miaka miwili mitatu, mihimili huoza. Fedha zilikuwa chache na baadaye vita vikaja. Kuchagua kulikuwa lazima, na wachaguaji walikuwa na sababu. Nyumba ya mbao yenye rangi ilikuwepo katika kila mji mdogo wa Tennessee, ilhali nyumba ya magogo yaliyochongwa kwa shoka, yenye pembe zilizokatwa mshazari ili zishikane bila msumari na maji ya mvua yateremke nje, ilikuwa inatoweka. Mafundi wake walikuwa wazee. Miaka ya 1930 msanifu Charles Grossman aliyapima na kuyachora majengo mengi, na H. C. Wilburn akakusanya vyombo vya nyumbani na vya shamba. Bila watu hao hata hicho kidogo kisingekuwepo, na anayewaita wabomoaji hawatendei haki.

Wanaolaumu nao hujibu kwamba uchaguzi ule ulikuwa na picha yake kichwani: mtu wa milimani kama mtu aliyesahauliwa na wakati. Jengo lililoafiki picha hiyo lilibaki, lisiloafiki likaondoka. Ushahidi wao upo palepale bondeni. Katika eneo la Henry Whitehead kuna nyumba mbili zilizo karibu karibu. Moja ni ya magogo yasiyonyooka na dohani ya mawe yaliyorundikwa. Ukiitazama utadhani ni ya mwaka 1820. Kumbe ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, kwa haraka, na kaka za Matilda Shields baada ya mumewe kumwacha na mtoto. Ya pili alijengewa na Whitehead alipomwoa: magogo yamepasuliwa kwa msumeno hadi yakawa mapande mraba, ndani laini kama nyumba ya mbao. Nyumba duni na nyumba nzuri zinatoka kizazi kimoja. Kilichozitofautisha ni haraka na uwezo. Na nyumba ya Gregg-Cable, iliyojengwa 1879 kwa mbao kutoka kinu cha kupasulia mbao cha Cable, inaonyesha kwamba nyumba za mbao zilifika bondeni miaka 8 kabla ya kanisa jeupe la Wabaptisti wa Asili. Lakini nayo ilihamishwa kutoka ilipokuwa ikawekwa jirani na kinu, kwa hiyo haimwambii mgeni tena nani alikuwa jirani wa nani.

Kwangu hoja ya wanaolaumu ina nguvu zaidi pale inapogusa maisha ya ibada, na hapa yafaa kutua.

Kanisa la Wabaptisti wa Asili lilianzishwa bondeni 1827. Desturi ya Wabaptisti wa milimani ilikuwa kukutana mara moja kwa mwezi: Jumamosi kikao cha mambo ya kanisa, Jumapili mahubiri. Mzee wa kanisa hakulipwa. Alilima kama wengine. Hapakuwa na kinanda wala shule ya Jumapili, na vitabu vya nyimbo vilikuwa vichache. Kiongozi alighani mstari mmoja, waumini wakaupokea na kuuvuta polepole, kila sauti ikipamba kwa namna yake. Nyimbo hizo mtoto hakufundishwa kanisani. Alizisikia mama yake akiziimba kwenye mtambo wa kufuma au akitwanga, na alipokaa kwenye benchi alikuwa tayari anazijua.

Meza ya Bwana pia ilianzia jikoni. Mkate ulikuwa wa unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, bila hamira. Ulisukumwa mwembamba, ukachomwa uma ili usivimbe, ukaokwa hadi ukauke bila kuwa mweusi. Moto ukizidi unavunjika kabla ya kumegwa, ukipungua unakuwa kama ngozi. Divai ilitengenezwa nyumbani, mara nyingi kwa zabibu mwitu. Baada ya meza walitawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, kwa mabeseni na taulo ndefu zilizotoka majumbani. Msomaji wa Kisii au Upare aliyekulia kwa Waadventista hahitaji kuelezwa uzito wa tendo hilo: huwezi kuinama mbele ya mtu ambaye jana mligombana juu ya uzio na ukabaki na kinyongo chako. Ndiyo maana kikao cha Jumamosi kilitangulia. Ugomvi, ulevi, kucheza fidla na dansi, kutohudhuria, vyote vililetwa mezani. Mwenye kosa akaungama akasamehewa, au akatengwa. Kanisa liliingia hadi ndani ya nyumba. Wapo wanaoliona hilo kama udhibiti uliowabana vijana na wanawake, na hawakosei. Lakini katika bonde ambalo mahakama ilikuwa mbali ng'ambo ya mlima, kikao hicho ndicho kilichozuia kesi ndogo zisigeuke visasi.

Mikutano mikubwa ya umoja wa makanisa ilileta wageni wa siku tatu. Nani aliwalisha? Hesabu ilianza Novemba ya mwaka uliotangulia, nguruwe walipochinjwa. Nyama ilisuguliwa chumvi, kiasi cha kilo 8 kwa kila kilo 100, pamoja na sukari kidogo, ikapangwa sandukuni kwa majuma kadhaa kisha ikatundikwa kwenye banda la moshi wa mti mgumu. Siku zikipata joto mapema, paja huoza kuanzia mfupani huku nje likionekana zima. Baridi ikigandisha nyama, chumvi haipenyi. Maharage machanga yalitolewa nyuzi, yakatungwa kwa sindano kama shanga, yakaning'inizwa kivulini au karibu na meko hadi yakakauka kama ngozi. Jua kali huyafifisha, unyevu huyaotesha ukungu. Siku ya kupika yaliloweshwa usiku kucha, yakachemshwa saa tatu au nne na kipande cha nyama ya chumvi. Mahindi yalipelekwa kinuni, na mwenye kinu akachukua ujira wake, kwa kawaida sehemu 1 kati ya 8. Mtu akiona kanisa peke yake haoni chochote cha kazi hii, na bila kazi hii mkutano usingedumu hadi jioni.

Kifo nacho kilihudumiwa nyumbani. Kengele ilipigwa mara moja kwa kila mwaka wa umri wa marehemu. Watu waliacha jembe wakahesabu, na kwa kuwa walijua nani anaumwa, hesabu ilipoishia walijua nani ameondoka. Majirani walichonga jeneza kwa mbao zilizokuwa zimekaushwa na kuwekwa darini kwa ajili hiyo. Wanawake waliosha maiti, wakashona kitambaa cha ndani, wakakesha. Kaburi lilichimbwa miguu ikielekea mashariki, ili siku ya ufufuo mtu ainuke akitazama jua linakotoka.

Si kwamba kanisa na nyumba vilipatana kila mara. Almanaka iliyotundikwa karibu na meko iliwaambia watu siku za kupanda viazi na kuezeka paa kufuatana na mwezi na nyota. Waliozifuata walitaja Mwanzo 1:14, mianga kuwa dalili na majira. Wengine waliona ni ushirikina. Mafarakano makubwa zaidi yalikuja 1839, kanisa lilipogawanyika juu ya umisheni. Wabaptisti wa Asili walishikilia kwamba vyama vya umisheni na shule za Jumapili havimo katika Agano Jipya. Waliotofautiana nao walitengwa, wakaunda lao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) vikaongeza jeraha. Daftari la kanisa linaeleza kwamba ibada zilisimama kwa sababu waumini walikuwa upande wa Muungano, yaani serikali ya Marekani, na waasi wa Kusini walikuwa na nguvu bondeni. Russell Gregory, aliyeuawa na wavamizi kutoka North Carolina 1864, amezikwa pale, na maandishi ya jiwe lake yanawataja wauaji hao. Jina la kundi ubaoni nje ya kanisa haliwezi kumweleza mgeni kwa nini bonde dogo hivi lilihitaji makanisa mawili ya Kibaptisti.

Pengo hilo la maelezo hujazwa na hadithi. Kanisa la Wamethodisti lina milango miwili mbele, na mgeni huambiwa haraka kwamba wanaume waliingia huku na wanawake kule. J. D. McCampbell, mhunzi na seremala aliyelijenga kwa siku 115 na kwa dola 115, kisha akawa mhubiri wake, aliiga ramani ya kanisa lingine lililotenganisha watu. Hapa familia zilikaa pamoja. Ni kosa dogo, lakini linafuata mkondo uleule wa kuwafanya watu hawa wa kale kuliko walivyokuwa.

Ipo njia nyingine ambayo idara yenyewe imewahi kuifuata. Ng'ambo ya milima, Cataloochee, North Carolina, imesimama Palmer Chapel ya 1898, shule ya Beech Grove, na nyumba ya Caldwell ya mwanzoni mwa karne ya 20: mbao, rangi, ndani imepambwa. Kanisa, shule na nyumba ni vya kizazi kimoja, vinasomeka pamoja. Wazao wa Cataloochee hukutana pale kila mwaka mwezi wa Agosti, wakaabudu na kula chakula walichobeba. Mimi naiona kuwa hifadhi bora kuliko ya Cades Cove, ingawa wageni wake ni wachache mno, na pengine kwa sababu hiyohiyo.

Wengine hutaka zaidi: nyumba zilizobomolewa zijengwe upya, watu wavae nguo za zamani, wapike, wafume. Napinga. Nyumba iliyojengwa leo kwa picha ya zamani ina mbao mpya, vipimo vya kukisia, na baada ya miaka 30 mgeni hataweza kuitofautisha na ya kweli. Kuhusu watu kuwa maonyesho, tuna kisa cha dada wa familia ya Walker wa Little Greenbrier, bonde jingine ndani ya hifadhi. Waliuza ardhi yao mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa dola 4,750 na haki ya kuishi humo hadi kufa. Shule ya karibu, iliyojengwa 1882, ndiyo iliyokuwa pia kanisa la Wabaptisti wa Asili. Gazeti kubwa lilipoandika habari zao 1946, wageni walimiminika. Dada hao wakawauzia vitambaa na vipai vya tufaha. Mwaka 1953 waliobaki waliiandikia idara kuomba kibao cha kuwakaribisha wageni kiondolewe, kwa kuwa walikuwa wamezeeka na kazi imewashinda. Mwenye nyumba anapogeuzwa kuwa sehemu ya mandhari, nyumba haiwi tena yake.

Upande wa matengenezo hauna mvuto, lakini ndio unaoamua nini kitabaki. Paa la vigae vya mwaloni mweupe, vyenye urefu wa sentimita 60 hivi na vilivyopasuliwa kufuata nyuzi za mti, huishi miaka 20 hadi 30. Kivulini, majani na kuvu hulifupisha. Vikipasuliwa kwa msumeno badala ya kisu cha kugongwa, nyuzi hukatwa, maji hupenya, vigae hujikunja. Mianya kati ya magogo ilijazwa vipande vya mti na mawe kisha ikakandikwa udongo. Ukikandika kwa saruji ngumu umeua nyumba: gogo hutanuka na kusinyaa, saruji haifuati, ufa unafunguka, maji yanaingia na hayatoki, na gogo linaoza kwa ndani. Kubadilisha gogo lenyewe ni mtihani, maana majengo mengi yalitumia chestnati ya Marekani, na ugonjwa wa kuvu uliua karibu miti hiyo yote mwanzoni mwa karne ya 20. Makanisa ya mbao yanadai rangi kila baada ya miaka michache, hasa ncha za mbao za chini zinaporushiwa maji ya mvua. Kisha wapo wageni wanaochonga majina ukutani. Alama hiyo haifutiki bila kupunguza mbao yenyewe, na fundi aliyetumwa kuirekebisha ni yule aliyekuwa aezeke.

Kwa hiyo anayedai nyumba mpya za maonyesho anadai fedha za paa. Kinachowezekana, tena kwa gharama ndogo, ni kuzirudisha nyumba zilizopotea kwenye ramani. Zilipokuwa panajulikana: masalio ya dohani, jiwe la ngazi, na maua ya dafodili yanayochanua kila machipuko kwenye mstari ulionyooka mahali pasipo na mtu. Weka alama ndogo ya jina na mwaka, na picha ya nyumba ilivyokuwa 1930 pale picha ipo. Ndani ya kanisa, weka nakala ya kurasa za daftari. Mgeni akisoma kikao kimoja cha Jumamosi ataelewa zaidi ya anavyoelewa kwa kukaa kwenye benchi tupu.

Makaburi yanahitaji sauti kubwa zaidi. Ndani ya hifadhi kuna maeneo ya makaburi zaidi ya 150, na desturi ya kuyapamba bado inaishi: nyasi hukwanguliwa, udongo huinuliwa tuta, maua huwekwa, chakula hutandazwa. Kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa Fontana, lililotokana na bwawa la wakati wa Vita Kuu ya Pili, familia ziliahidiwa barabara kwa mkataba wa 1943. Ilijengwa kilomita 11 hivi na handaki moja, ikaishia hapo. Mwaka 2010 serikali ilikubali kuilipa wilaya ya Swain dola milioni 52 badala ya barabara. Idara huwavusha wazao kwa mashua siku za kupamba makaburi. Wanaopinga barabara walisema kweli kwamba ingekata msitu na kumwaga tindikali ya mawe kwenye vijito. Wanaoililia walisema kweli kwamba ahadi ni ahadi. Mashua ni suluhisho dogo, lakini inamfikisha mtu kwenye kaburi la bibi yake, na isikatwe bajeti yake hata mwaka mmoja. Haki hiyohiyo iwafikie waliozikwa karibu na kinu cha Mingus, upande wa North Carolina: watu waliokuwa watumwa, makaburi yao yakiwa na mawe ya shambani yasiyo na majina. Nao walikuwa na nyumba, jiko na sala, na kwao hakuna kanisa jeupe lililobaki la kuwakumbusha.

Aliyezaliwa Cades Cove kabla ya familia ya Oliver kuondoka 1937 leo anakaribia miaka 90 au ameipita. Wachache walio hai waulizwe mwaka huu, kila nyumba kwa nyumba: jiko lilikuwa upande gani, mabeseni ya kutawadha yalitunzwa kwa nani, mkate wa meza aliuoka nani, mbao za majeneza zilikaa dari gani.